Kituo cha daladala kikikutana na njia ya baiskeli: jinsi ya kukipanga ili kila mtu apande

Ukiambiwa uchore kituo cha basi kwenye barabara yenye njia ya baiskeli, usianze na barabara, anza na mlango wa basi. Chukua karatasi chora mlango tu, alafu weka mtu yuko kwenye wilchea anashuka pale mlangoni, konda kamshikia kwa nyuma, jiulize magurudumu yanatua wapi na akishatua anageukia wapi. Ukishapajua hapo ndo unarudi nyuma taratibu mpaka kwenye ukuta wa maduka. Wengi wetu tunaanza kinyume, tunagawa barabara kwanza, magari yanachukua yao, mtaro unachukua wake, kinachobaki tunawaambia waenda kwa miguu na waendesha baiskeli na abiria mgawane wenyewe, na ugomvi wote unaanzia hapo.

Mimi naongelea Dar maana ndo nakokujua, ila mtu wa Nairobi au Mwanza atajiona humu humu.

Kitu cha kwanza, tuelewe tatizo lenyewe. Njia ya baiskeli ikiwa pembeni ya barabara na daladala nayo inasimama pembeni ya barabara, lazima vikutane. Kwenye mwendokasi wa Morogoro Road (mabasi yenye njia yao peke yake, ulioanza kubeba watu 2016) hili halionekani sana kwa sababu stesheni ziko katikati ya barabara na njia za baiskeli ziko pembeni, abiria shida yake ni kuvuka njia za magari sio baiskeli. Lakini barabara za kawaida, hizi za daladala, kituo kiko kushoto na baiskeli iko kushoto, na kuna namna tatu tu za kuvipanga.

Namna ya kwanza baiskeli inapita mbele ya kituo, upande wa barabarani, kwa hiyo kila daladala ikiingia kituoni inamkata mwendesha baiskeli. Hii ndo tuliyonayo sehemu nyingi na sina la kuongeza, achaneni nayo.

Namna ya pili baiskeli inapita kati ya abiria na basi, yaani abiria akishuka anakanyaga njia ya baiskeli moja kwa moja. Copenhagen vituo vya hivi vipo vingi na vinaenda kwa sababu sheria yao inamtaka mwendesha baiskeli ampishe anayeshuka, na watu wamekua na hiyo sheria toka watoto. Pale penye kisiwa cha abiria (sehemu iliyoinuliwa ya kushukia kati ya baiskeli na basi) mambo yanageuka, abiria ndo anampisha baiskeli. Kwetu mtu akishuka kwenye Coaster, yaani basi dogo la daladala, anashuka kwa kusukumwa, mgongo mbele, mtoto kiunoni, ndoo mkononi, alafu umwambie na baiskeli inakuja hapo hapo kwenye mguu wake? Hapana. Mimi hii siichori kabisa labda kituo kiwe kinashusha watu watatu kwa saa.

Namna ya tatu ndo ya kujifunza: njia ya baiskeli inazunguka nyuma ya kituo, na abiria wanasubiri na kushuka kwenye kisiwa kilicho kati ya baiskeli na basi. Uholanzi wanayo miaka mingi, London walianza kuijenga kwa wingi 2013 kwenye barabara ya Bow kwenda Stratford. Na uzuri Waingereza wanaendesha kushoto kama sisi, kwa hiyo michoro yao unaisoma kama ilivyo, ya Denmark na Uholanzi ukiicopi bila kuigeuza utajikuta mlango wa basi unafungukia barabarani, usicheke, nimeshaona mchoro wa hivyo umegongwa na muhuri.

Ila hii namna ya tatu nayo ina lawama zake na usizifiche kwa mteja wako. Vyama vya wasioona Uingereza vinailalamikia mpaka leo, na malalamiko yao ni ya kweli: baiskeli haina sauti. Asiyeona anajua basi limefika kwa kusikia injini, anajua bodaboda inakuja, ila baiskeli anaijua ikishamgonga. Sasa chukua hiyo ya London uilete Dar, weka konda anaita abiria, weka spika ya muuza dawa za panya, weka honi, huyo mtu anabaki na nini? Anabaki na fimbo yake na nyayo zake. Kwa hiyo kila kitu utakachochora kwenye hiki kituo kiulize swali moja, je fimbo inakisikia?

Upana unaupata wapi

Watu watakwambia hamna nafasi. Nafasi ipo, imelala kwenye ile bei ya daladala (bei ya Kiingereza, "bay", sio nauli), ile sehemu ya lami iliyochimbwa pembeni ili basi liingie lisizuie magari. Bei ya kawaida inakula karibu mita 3 za upana, tena inahitaji urefu wa ziada mbele na nyuma wa basi kuingia na kutoka. Ijaze. Yaani ile bei ipandishe iwe kisiwa cha abiria, basi lisimame kwenye njia yake barabarani, baiskeli ipite nyuma. Hesabu inakaa hivi, ukitoka ukutani: mita 2 za kutembea, mita 1.5 za baiskeli, alafu mita 3 za kisiwa, jumla 6.5, na ukiangalia barabara nyingi zenye bei hizo mita 6.5 zilikuwepo muda wote ila zimegawiwa vibaya.

Hapo mwenye gari atalalamika kwamba daladala inamzuia. Ndugu yangu, daladala ilishakuzuia toka zamani, inasimama pua ndani ya bei na mkia nje. Tofauti ni kwamba sasa inasimama imenyooka, sambamba na ukingo, mlango umelala karibu na kisiwa, na hilo kwa mtu wa fimbo au wa magongo ni kubwa kuliko unavyodhani, maana pengo kati ya basi na ukingo ndo linaloangusha watu. Basi likiingia kwenye bei kwa kona halinyooki, mlango unabaki nusu mita kutoka ukingoni na mama anabidi ashuke chini kwenye lami kwanza alafu apande tena.

Lakini usijaze bei kwenye barabara kuu yenye mwendo mkubwa. Mjini kikomo chetu ni kilomita 50 kwa saa na hapo inafanya kazi, ila kule magari yanakokwenda 80 basi likisimama kwenye njia litagongwa kwa nyuma. Huko acha bei, baiskeli ipitishe nyuma ya kila kitu, na kama ardhi haitoshi hamisha kituo mita 60 mbele au nyuma palipo na upana. Kituo kinahamishika jamani, hakijazaliwa pale.

Kisiwa chenyewe

Wamarekani kwenye kanuni zao wanataka pale mlangoni pawe na sehemu tupu, ngumu, isiyo na nguzo wala kiti, kina cha mita 2.44 kutoka ukingoni kurudi nyuma na mita 1.525 kwa urefu wa barabara. Hiyo namba haijatoka hewani, wilchea inahitaji duara la mita 1.5 kugeuka, na ukiongeza rampu ya basi ikishushwa unaona mita 2 zinakuwa hazitoshi. Ndo maana nasema kisiwa kiwe 2.5 kwa uchache na 3 kama unaweza. Kisiwa cha mita 1.2 nimeshakiona kimejengwa, mtu wa wilchea akishushwa pale magurudumu ya nyuma yako kisiwani ya mbele yako kwenye njia ya baiskeli, yaani umemjengea mtego kwa zege.

Urefu usiupime kwa basi moja. Simama kituoni saa 12 na nusu asubuhi hesabu daladala ngapi zinasimama kwa pamoja. Coaster ni kama mita 7, zikiwa mbili kwa mpigo unahitaji kama 16 mpaka 18, zikiwa tatu ongeza. Ukichora kisiwa cha basi moja kwenye kituo cha daladala tatu, ya pili na ya tatu zitashusha watu kwenye njia ya baiskeli pale inapopinda, na mchoro wako wote umekufa siku ya kwanza.

Kimo cha ukingo: London wanalenga milimita 125 mpaka 140. Kwetu nenda huko huko. Usipandishe sana ukidhani unamsaidia abiria, basi likikaribia litakwaruza na dereva akishakwaruza mara moja anaanza kusimama mbali, unakuwa umelikuza lile lile pengo. Na tuseme ukweli, ukingo peke yake haumpandishi mtu wa wilchea kwenye Coaster, ile ina ngazi, atabebwa tu. Unachofanya ni kuifupisha ngazi ya kwanza, kitu ambacho bibi mwenye magoti mabovu anakihitaji kila siku, na unaandaa kituo kwa basi la sakafu ya chini lisilo na ngazi litakalokuja, maana zege linakaa miaka 30 na mabasi yanabadilika.

Pale abiria anapovuka baiskeli

Hapa ndo penyewe, hapa tulia.

Kanuni yangu ni kwamba baiskeli ndo ipande, sio abiria ashuke. Kisiwa kiko juu na njia ya kutembea iko juu, sasa kama baiskeli iko chini katikati kama mtaro, abiria wa wilchea anahitaji rampu mbili, moja ya kushuka na moja ya kupanda, na rampu ya moja kwa kumi na mbili (inapanda sentimita 1 kwa kila sentimita 12 za urefu) kwa ukingo wa sentimita 15 inataka urefu wa mita 1.8 kila upande, hizo mita huna. Pandisha njia ya baiskeli pale pa kuvukia iwe levo moja na pande zote mbili. Mwendesha baiskeli anapanda kilima kidogo, anapunguza mwendo bila kuambiwa, abiria anavuka flati.

Ila flati kwa asiyeona ni hatari, hana cha kumwambia hapa ndo mwisho wa usalama. Kwa hiyo nje ya pale pa kuvukia acha tofauti ya levo ya sentimita 6 kati ya njia ya kutembea na ya baiskeli, chini ya hapo fimbo inaruka bila kusikia. Na pale pa kuvukia weka vigae vya nundu pande zote mbili. Hivi vigae alivibuni Mjapani anaitwa Seiichi Miyake na vililazwa kwa mara ya kwanza Okayama 1967 karibu na shule ya wasioona, na lugha yake ni rahisi: nundu za duara maana yake simama, mistari mirefu maana yake fuata. Tafadhali usizichanganye kwa sababu ya urembo. Nundu zilaze kina cha sentimita 80 hivi, maana mtu mwenye hatua ndefu ukimwekea kigae kimoja cha sentimita 30 anakiruka bila kukikanyaga. Alafu mistari imtoe pale kwenye nundu impeleke mpaka mlango wa mbele wa basi, kwa sababu huko ndo atakapomsikia konda.

Nilishawahi kufuata mistari ya hivyo mahali flani nimefumba macho kabisa, kujaribu tu, mistari ikanipeleka vizuri sana mpaka kwenye nguzo ya umeme. Nguzo ilikuwepo kabla, fundi alikata kigae kwa ustadi kuizunguka, kazi safi kweli kweli. Jirani yangu mmoja asiyeona nilimsimulia akacheka, akasema hiyo nguzo anaijua, anaitumia kama alama ya kujua amefika.

Huyo huyo jirani ndo alinifundisha kitu kingine ambacho sikuwahi kukisoma popote. Tulikuwa tunavuka njia ya baiskeli, nikamwambia hamna kitu twende, akagoma, akaelekeza sikio kulia alafu kushoto. Nikamwambia mzee baiskeli zinatoka upande mmoja tu hapa. Akaniambia kijana, zinatoka upande mmoja kwenye karatasi. Hajamaliza sentensi ikapita ya muuza samaki na tenga lake, inarudi kinyume. Na ni kweli, Dar kuvuka barabara na baiskeli yenye mzigo ni kazi, mtu anaona bora arudi upande ule ule. Kwa hiyo chora kama vile baiskeli zinatoka pande zote mbili hata kama mshale uliopakwa rangi unasema vingine, na usiweke tangazo la biashara kwenye ubavu wowote wa kibanda, maana mtoto akitokea nyuma ya lile tangazo haonekani mpaka yuko mbele ya tairi.

Pa kuvukia pawe sehemu moja au mbili, sio popote. Kwingine kote mgongo wa kisiwa uweke uzio mfupi au viti vilivyoupa mgongo njia ya baiskeli, ili fimbo ipate kitu cha kugusa na mtu asiingie kwenye baiskeli kwa kukosea. Chora zebra, andika chini kwa herufi kubwa MPISHE ABIRIA, na ibane njia ya baiskeli iwe 1.5 hapo ili watu wasipitane kwenye zebra.

Bajaji na bodaboda

Sasa hapa vitabu vya wenzetu havitusaidii. Njia ya mita 1.5 inamtosha bajaji, bajaji ni kama mita 1.3 tu. Ukiacha hivyo hivyo, kwenye foleni ya jioni njia yako ya baiskeli inakuwa njia ya bajaji, tena inapita nyuma ya abiria. Watu wanachofanya ni kusimika nguzo katikati, na nguzo hiyo inamzuia mtu mmoja ambaye kituo kizima kilijengwa kwa ajili yake: mwenye ulemavu anayeendesha baiskeli ya miguu mitatu ya kuzungusha kwa mikono. Wapo wengi mjini, na wao njia yao ya kupita ndo hiyo.

Kwa hiyo nguzo zako ziache uwazi wa mita 1.2. Baiskeli ya miguu mitatu inapita, bajaji haipiti. Guta (zile baiskeli za mizigo za miguu mitatu) zinatofautiana, nenda na tepu pima za mtaani kwako kabla ya kumwaga zege. Nguzo zipake rangi nyeupe na nyekundu au njano na nyeusi, mtu mwenye uoni hafifu aione kutoka mbali, na kimo chake kiwe cha kiunoni, sio vile vijiwe vya magotini ambavyo vinavunja watu ugoko usiku. Bodaboda huwezi kuizuia kwa nguzo, kitu chochote kinachozuia bodaboda kinazuia na baiskeli. Hapo unahitaji trafiki au aibu, na aibu inafanya kazi kidogo kama kijiwe chao umewatengea pao halali karibu na kituo, sio ukawafukuza wakarudi usiku.

Kivuli, machinga, maji

Watu wanasimama penye kivuli. Unaweza ukachora kisiwa kizuri cha dunia, kama kibanda chako kinatoa kivuli saa 6 mchana tu na saa 10 jua linawachoma usoni, abiria wote watavuka njia ya baiskeli wakasimame chini ya mwarobaini ng'ambo, alafu basi likija watakimbia wote kwa pamoja. Hapo umetengeneza mgongano mwenyewe. Kabla hujaelekeza kibanda nenda saa 10 jioni uone kivuli kinaangukia wapi, na paa litoke mbele kiasi cha kumkinga na mvua mtu wa wilchea aliye nje ya benchi, maana yeye kiti chake kaja nacho, anahitaji nafasi tupu ya sentimita 76 kwa 122 chini ya paa, sio benchi lingine.

Machinga nao watakuja, palipo na abiria pana karanga. Watengee mita 2 mwisho wa kisiwa au ukutani. Usipowatengea watajitengea wenyewe na watachagua njia ya baiskeli kwa sababu ni flati na haina mwenyewe.

Maji: njia ya baiskeli iliyobanwa kati ya kisiwa na njia ya kutembea ni mto mdogo mvua za masika zikianza. Na pale ulipoipandisha umejenga bwawa. Yatolee maji njia kabla ya mwinuko, na kama kuna mfuniko wa mtaro vitundu vyake visizidi milimita 13 na vilazwe kukata mwelekeo wa safari, la sivyo tairi inaingia na fimbo inaingia. Mifuniko ya chuma ikae mbali na ndoto zako, wa chuma chakavu wataondoka nayo wiki ya pili na utabaki na shimo kwenye njia ya wasioona. Zege.

Jaribu kabla ya kumwaga

Jumapili asubuhi chukua chaki, kamba, tairi za zamani na masanduku ya soda, chora kituo chote kwa ukubwa wake halisi kwenye kiwanja au barabara ambayo haina gari. Tafuta Coaster moja umlipe dereva mafuta asimame. Ita mtu wa wilchea, asiyeona, bibi mmoja, mama mwenye mtoto mgongoni, muuza samaki na baiskeli yake, mtu wa guta. Waambie washuke na wapande mara kumi na usiongee, wewe shika daftari. Mtu wa wilchea akirudi nyuma mara mbili kabla ya kugeuka, kisiwa ni chembamba. Asiyeona akisita pale pa kuvukia zaidi ya mahali pengine, muulize kakosa nini chini ya mguu. Muuza samaki akikata kona nje ya chaki, ile kona ni kali, ilegeze.

Alafu waulize pia wanalipwa kiasi gani kwa siku na uwalipe hivyo hivyo, hiyo ni kazi, sio maonyesho.

Kituo kikishajengwa rudi mvua za kwanza. Angalia mchanga umejaa wapi, maana nundu zikifunikwa na mchanga zinakuwa sakafu ya kawaida, na andika kwenye mkataba wa usafi nani anazifagia na mara ngapi kwa wiki. Nenda na tepu, chaki, na maji ya kunywa ya kutosha, makonda watakuuliza unapima nini mpaka saa 7.